Mlima wa Mpagazi Ndani ya Chupa

Viatu vya kwanza nilivyoshona kwa mkono wangu mwenyewe vilikuwa vya mguu wa kushoto vyote viwili. Sikukusudia. Fundi aliyekuwa akinifundisha alikwenda mazikoni, mteja alikuwa bwana harusi mwenye haraka, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeacha shule darasa la nne, kichwa chepesi, mkono mzito. Bwana harusi akavivaa. Alipotoka nje mbele za watu akawa anakwenda upande, kama baiskeli iliyopinda fremu. Wazee wakasema ni haya. Bibi harusi naye, kwa adabu, akamfuata kule kule anakopindia, na shangazi zake wakamfuata bibi harusi, harusi nzima ikaishia kwenye shamba la mihogo la jirani. Watu wale wapo, wana wajukuu. Yule bwana nikikutana naye hunitazama miguu kwanza, ndipo anisalimie.

Tangu siku ile nikashika tabia ya kutazama soli za watu. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo, kwa nguo, hata kwa machozi, lakini soli inakwambia anakokwenda. Kibanda changu kipo Ipuli, barabarani, na kwa miaka yote niliyokaa hapo nawajua wanaosimama nyuma ya kaunta, wanaokanyaga pedeli, na wanaosema wanakwenda msikitini kumbe njia yao ina mchanga wa upande mwingine kabisa. Sitawataja. Wengine wananidai salamu.

Basi siku moja yakaja mabuti. Nasema mabuti kwa sababu niliyaona hayo kabla ya mwenyewe; yaliwekwa juu ya meza yangu pu! Yalikuwa yamelika mbele tu, kwenye vidole, kisigino kizima kama kipya. Hapa kwetu Tabora nchi ni tambarare, ukitaka kupanda kitu inabidi upande kichuguu. Sijawahi kuona soli iliyolika vile. Na ngozi yake ilikuwa imepasuka pasuka, ina weupe kama wa jasho lililokauka, uzi umeoza mpaka ukiugusa unakuwa unga.

"Umeyatia nini?" nikauliza.

"Mlima," akasema.

Nikainua uso. Mtu mrefu, mkavu, na kichwani amebeba tofali moja. Moja tu. Analibeba hivi hivi, mikono chini.

Huyo ndiye tuliyemwita Mpagazi, na tofali lile nitalieleza. Watu wa kwao Kwihara ni wajukuu wa wale waliobeba pembe na vitambaa kwenda pwani na kurudi, enzi za misafara. Yeye alisema shingo ya mpagazi ikikaa bure inasahau kazi, na kichwa kitupu kinamwangusha mtu. Kwa hiyo hakwenda popote bila mzigo. Sokoni, kanisani, kumwona mgonjwa, tofali kichwani. Kanisani kwao Moraviani aliliweka chini ya benchi, akisali, akitoka analibeba. Siku moja mtu kwa utundu akambadilishia, akamwekea la saruji. Mpagazi akalibeba, akafika nje, akasema, "Mahubiri ya leo yalikuwa mazito," akaenda zake.

Sasa, mimi babu yangu alikuwa Mzaramo. Alikuja Tabora na msafara, akasema atapumzika wiki mbili, na mpaka leo anapumzika, kaburi lake liko hapa hapa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu wakati wa njia hiyo. Anayejua utani anajua; asiyejua nimwambie kwa ufupi. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe. Ana ruhusa ya kuingia kwako akachukua kitu, na wewe ukitaka kukirudisha unakikomboa kwa kuku, au kwa unga, au kwa lolote mtakalopatana. La msingi ni moja: huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Kwa hiyo salamu zetu zilikuwa hivi. Yeye anafika, anasema, "Mzaramo, hujafa tu?" Nami nasema, "Nakungoja wewe, nikuzike na tofali lako." Anaketi. Mke wangu, Mama Zuhura, anamletea maji, na Mpagazi anamwambia, "Shemeji, huyu mwanamume ulimwokota wapi? Kwetu tungemrudisha." Mama Zuhura anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nilikuwa mwenye nyumba lakini kwa vicheko nilikuwa mgeni.

Alikuwa mwongo. Nasema kwa mapenzi. Alidanganya juu ya umri wake, kila mwaka akipunguza. Alisema alioa mara tatu, kumbe mara moja, na mwenyewe huyo mke alikuwa hai akimsikiliza. Alisema anajua Kijerumani, na Kijerumani chenyewe tukagundua ni Kisukuma kilichosemwa kwa hasira. Lakini juu ya mlima wake hakubadilisha neno hata moja. Nilimsikia akiusimulia mara labda mia, mbele ya watu mbalimbali, nami kwa ubaya wangu nilikuwa nikimtega. Nilikuwa nasema, "Si ulisema uji ule wa mlimani ni mwekundu?" Anasema, "Mweusi." Mwezi mwingine, "Ule wa kijivu vile?" "Mweusi, Mzaramo." Mwongo hashiki hadithi namna hiyo. Ilinipasa kuliona hilo mapema.

Alichosimulia ni hiki. Ujanani alikwenda kaskazini kutafuta kibarua, akaangukia kwa watu wanaosoma mawe, akawa anawabebea mizigo. Wakampeleka kwenye mlima mmoja ulioko ndani ya Bonde la Ufa, karibu na ziwa la magadi, kule kwa Wamasai, wanaouita Mlima wa Mungu kwa lugha yao. Mlima umesimama peke yake, mwembamba juu, mbavu zake zimechimbika kwa mvua kama mtu mwenye njaa. Unapanda kwa vidole vya miguu, kisigino hakigusi. Kileleni kuna shimo, na ndani ya shimo kuna vichuguu, virefu, vinatema. Vinavyotema si moto. Ni uji mweusi, mwepesi kuliko uji wa mgonjwa, unakimbia kama maji machafu ya mkaa. Mchana hata hauwaki. Ni moto, ndiyo, ukitia mguu utaacha mguu, lakini si ule moto wa milima mingine. Joto lake ni kama nusu ya joto la wenzake. Ukishaganda ni jiwe jeusi. Na kabla siku nyingi hazijapita, ukipata unyevu wa hewa tu, jiwe linabadilika. Linakuwa la kijivu, kisha jeupe, kisha unga.

"Magadi," alikuwa anasema. "Ule mlima unatapika magadi. Duniani uko huo mmoja unaofanya hivyo sasa hivi."

"Ya kulainishia maharage?" watu wanauliza.

"Ndugu yake hayo hayo."

Hapo kicheko kinaanza. Nami nilikuwa wa kwanza. Nilimwambia, mbona usiseme kuna mlima mwingine unatapika chumvi na wa tatu unatapika nyanya, tupike kabisa.

Hakuwa na shida ya kuchekwa. Alikuwa anachukua kipande cha ngozi mbichi mezani kwangu, anakivuta huku na huku. "Tazama, Mzaramo. Ukivuta, kinakonda katikati kabla hakijachanika. Sivyo?" Ndivyo, hiyo naijua mimi kuliko yeye. "Nchi ya kule inavutwa hivi. Polepole, kama kucha inavyokua. Pale ilipokonda ndipo vitu vya chini vinapata upenyo." Kisha anakanyaga chini, pale kibandani. "Hapa kwetu ngozi ni nene. Haya mawe ya Kwihara unayoyaona yamekaa kama tembo waliolala, nayo yalipikwa chini, lakini zamani, zamani mno, yameshazeeka yakasahau. Yule mlima kwa mawe haya ni mtoto wa jana. Ndiyo maana anapiga kelele." Na alisema mlima una tabia kama ya mama mkwe wake. Miaka anatiririka taratibu, anasema maneno madogo madogo, mnamzoea, mnakaa karibu. Halafu siku moja anapiga chafya, majivu yanakwenda mpaka mbinguni, ng'ombe wanakosa majani, na nyote mnahama.

Ushahidi wake wa kwanza ulikuwa meno. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alisema ni maji ya milima ya kule, yana kitu kinachotia meno doa, na wenyeji wengi wako hivyo. Sisi tulisema ni tumbaku. Yeye hakuwahi kuvuta tumbaku hata siku moja, katika mkoa unaolima tumbaku, lakini nani anasikiliza.

Na tuseme kweli, alikuwa na jambo lililomharibia. Aliogopa ngazi. Mtu aliyepanda Mlima wa Mungu alikuwa hawezi kupanda ngazi ya vipago vitano kuziba bati lake. Alinilipa mimi nimpandie. Nikiwa juu nilimwambia, "Wewe ndiye uliyefika kileleni?" Akasema kutoka chini, ameshika ngazi kwa mikono miwili na macho amefumba, "Mlima umeshikwa na dunia. Hii imeshikwa na mimi."

Ushahidi wa pili ulikuwa chupa.

Chupa ndogo ya kioo, pana mdomo, na ndani yake jiwe jeusi la ukubwa wa yai la kanga. Alilichukua lilipokuwa ndiyo kwanza limepoa. Wale wasomi walifungia ya kwao kwenye vyombo vyao, naye akafungia la kwake kwa kizibo na nta ya nyuki, donge zima, maana Mnyamwezi hasafiri bila nta. Miaka yote jiwe likabaki jeusi. Ukisema, basi tufungulie tuone linavyogeuka, anakataa. Alisema ushahidi huu una kinywa kimoja, ukishasema umekwisha. Tukasema, kumbe ni kipande cha lami. Akavumilia.

Kisha likaja la mjukuu wake. Binti alikuwa sekondari hapa mjini, mwenye akili, naye ndiye mtu pekee aliyemwamini babu yake tangu mdogo. Mwalimu wake wa jiografia akawauliza darasani habari za volkeno, binti akasimama akasema kuna zaha, ule uji wa volkeno, nyeusi, yenye joto dogo, inayogeuka kuwa nyeupe. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamuuliza amesoma wapi, akasema kwa babu. Wakatafuta kwenye simu, wakaandika volkeno, zikaja picha za nchi za watu, nyekundu tupu, moto unaruka. Mwalimu akamwonyesha binti: nyeusi iko wapi hapa? Tangu siku ile wenzake wakamwita Magadi. Na babu akipita na tofali lake karibu na shule, binti anageukia ukutani.

Hilo Mpagazi hakulicheka. Alinieleza mara moja tu, akitazama mabuti yake. Akasema, "Mimi nimechekwa miaka yote, shingo yangu imezoea. Yule bado shingo yake changa."

Akaenda shuleni, akaongea na mwalimu kwa adabu. Mwalimu, mtu mzuri tu, kijana, akakubali: Jumatatu ya wiki inayofuata mzee aje na chupa, aifungue mbele ya darasa, waiweke dirishani, na wiki nzima wanafunzi waandike wanachokiona. Mpagazi akatoka pale, nasikia, anatembea bila tofali. Alilisahau ofisini.

Sasa nije kwenye dhambi yangu, maana nimeizungukia vya kutosha.

Jumanne kabla ya Jumatatu hiyo nilikwenda kwake Kwihara kumpelekea mabuti, nimeyashona upya kwa ajili ya siku ya shule. Alikuwa nje anaoga. Chupa iko mezani, ameifuta, inang'aa. Utani ukaniwasha mkono. Nikasema huyu wiki hii ana raha mno, na mtu mwenye raha ndiye wa kukombolesha. Nikaichukua. Nikapaza sauti, "Mnyamwezi, mlima wako umehamia Ipuli! Fidia ni jogoo, mwekundu!"

Akajibu kutoka bafuni, "Mzaramo mwizi! Nitaleta Jumamosi. Usiuangushe."

"Mlima unaangushwa?"

Akacheka. Nikasikia maji yanamwagika huku anacheka.

Nikaiweka chupa kibandani, karibu na nyundo. Na sikuiangusha, Mungu ni shahidi. Lakini fundi viatu, ndugu msomaji, uzi wake haupiti kwenye ngozi bila nta. Kila ukitaka kushona unachukua donge la nta, unauburuta uzi juu yake mara mbili tatu, ndipo unapita. Mkono wangu umefanya hivyo miaka hamsini bila kuniuliza. Donge langu lilikuwa limebaki kama punje ya hindi. Na hapo kando kuna chupa yenye nta nzuri, ya njano, inanukia. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu nilishona kandambili za mama mmoja, na mkoba, na jozi mbili za wanafunzi, na uzi ukawa unateleza vizuri ajabu. Kizibo nacho nilipokibandua kidogo ili nipate nta ya pembeni, nikakirudisha kwa kidole. Mvua zilikuwa zimeanza. Kibanda changu kinavuja.

Alhamisi nikaona chupa ina kijivu. Nikadhani ni vumbi. Ijumaa nilikuwa na swala, nikapeleka vitu vyangu ndani visilowe, chupa nikaiacha jikoni.

Jumamosi Mpagazi alikuja saa sita, kwapani jogoo, mwekundu kama nilivyoagiza. Miguuni mabuti. Mama Zuhura alikuwa anapakua.

"Shemeji, una bahati, mama mkwe wako anakupenda," akamwambia. "Kaa ule."

Tukala. Ugali na maharage. Maharage yale yalikuwa ya mwaka juzi, magumu, tuliyapata kwa ndugu wa Tura, na kila siku yanapikwa tangu asubuhi mpaka kuni zinakwisha. Siku hiyo yalikuwa laini, yanayeyuka ulimini.

Mpagazi akatafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena.

"Mama Zuhura," akasema, "umetia magadi?"

"Nimetia. Tena mazuri, kidogo tu yameiva mara moja. Alinunua baba Zuhura, yako ndani ya kile kichupa, nimemaliza yote." Akaonyesha dirishani. Chupa ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa mdomo chini, inakauka.

Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Nilimtazama Mpagazi, nikasubiri. Nilitamani akasirike. Nilitamani anitupie bakuli. Lakini sisi ni watani, na yeye alikuwa mtu wa kushika desturi. Akaangalia chupa, akaangalia bakuli, akaangalia kidole changu cha gumba, ambacho kilikuwa bado kina nta.

"Mzaramo," akasema.

"Naam."

"Umeamini sasa?"

"Nimeamini."

"Miaka mingapi nakueleza?"

"Mingi."

"Kumbe nilikuwa nakueleza kwa masikio, na wewe akili yako iko tumboni." Akasogeza bakuli lake kwa Mama Zuhura. "Niongeze, shemeji. Si kila siku mtu anakula mlima."

Mama Zuhura ndipo akaelewa, akaweka mwiko chini, akafunika uso kwa kanga. Mpagazi akamwambia asilie, wapagazi wa zamani walikula vibaya zaidi njiani. Akala akamaliza, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho.

Nikamwambia nitakwenda shuleni naye Jumatatu, nitasimama mbele ya mwalimu na binti, niseme nilichokiona, jeusi likawa jeupe.

"Shahidi gani wewe," akasema, "uliyekula ushahidi?"

Nilikwenda hata hivyo, peke yangu, na niseme hili sasa hivi, maana nikishamwacha aondoke sitakuwa na la kusema. Mwalimu alinisikiliza, akasema, "Mzee, maharage yote mwisho huiva." Lakini binti alinifuata mpaka getini, akaomba nimpe ile chupa tupu niliyokwenda nayo. Nikampa. Kisha akarudi, akachukua tofali la babu yake, lililokuwa limetiwa kuzuia mlango wa ofisi, akaondoka nalo mikononi.

Siku ile ya Jumamosi, Mpagazi alinawa, akanikabidhi jogoo. Nikakataa. Akasema fidia ni fidia, chukua, desturi haivunjwi kwa sababu ya tumbo. Akainama akakaza kamba za mabuti, akayagonga chini mara mbili kusikiliza ushonaji wangu.

"Yatafika?" akauliza.

"Wapi?"

"Mbali."

"Yatafika. Nimetia nta nyingi."

Akacheka mpaka yale meno yake yote yakaonekana. Akasema anakwenda kuleta jingine. Nikamwambia, na goti lako hilo, Mnyamwezi, subiri basi upande treni. Akasema mlima haujahama. Akatafuta cha kuweka kichwani, hakuna tofali, akachukua jiwe ninalopondea ngozi, langu mimi, bila kuomba, kama ilivyo haki ya mtani, akaliweka kichwani, akashika njia ya mashariki, ile iendayo Tura, ambayo babu yangu alijia. Nilikaa nikitazama soli zake. Zilikuwa zinakanyaga sawasawa, kisigino na vidole. Kwenye kona akanyanyua mkono mmoja bila kugeuka, akaenda.